Kila Asubuhi Marehemu Ananiuliza Kuhusu Mlango

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako maana maji yamenifika shingoni, na naomba jina langu lisitokee gazetini kwa sababu kazi hii bado naihitaji. Mimi ni msimamizi wa zamu ya asubuhi kwenye kampuni ya kufungasha mboga, nina watu arobaini chini yangu, karibu wote wanawake, na kila siku saa moja na nusu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, tunasimama pamoja dakika kumi, mimi nawasomea matangazo ya ofisi kuu, wao wamevaa makoti meupe na kofia na barakoa kwa ajili ya usafi, kwa hiyo ninachoona ni macho tu, halafu namaliza kwa kuuliza, "Kuna swali?" na huwa hakuna.

Aliyekuwa na swali alikuwa mama mmoja tu. Walimwita Mama Maswali, na kusema kweli jina hilo nililianzisha mimi kwa utani likamganda. Alikuwa rika la mama yangu mzazi, na kila asubuhi aliinua mkono akauliza, "Mwanangu, ule mlango wa chumba cha baridi umetengenezwa?" Kitasa cha ndani kilikuwa kinachomoka, mlango ukikufungia huko hutoki mpaka mtu akufungulie kwa nje, nami nilikuwa namjibu, "Mama, nimeshapeleka juu," watu wanacheka kidogo tunaanza kazi, na jibu hilo nililitoa miezi miwili mizima, Mshauri, wakati fomu ya matengenezo imelala kwenye droo yangu haijajazwa hata tarehe, kwa sababu meneja hapendi kusikia kasoro na mimi nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo.

Siku moja akaingia kutoa kreti za mwisho kabla ya mapumziko, mlango ukajifunga, mashine zinanguruma, kisha sote tukatoka kwenda kula, na tuliporudi kila mmoja alidhani mama yuko meza nyingine. Tulimkuta saa tisa alasiri. Alikuwa amekaa juu ya kreti, amejikunyata, kitasa kiko mkononi mwake. Ripoti iliandika kwamba ni moyo uliosimama, nikatia sahihi, kitasa kikarudishwa kwa kufungwa na waya, na watu wakaambiwa mambo ya kazini yabaki kazini.

Wiki mbili baada ya mazishi nikasoma matangazo kama kawaida, nikauliza kama kuna swali, na sauti yake, Mshauri, sauti yake ile ile ya kukwaruza kidogo, ikatoka nyuma ikasema, "Mwanangu, ule mlango wa chumba cha baridi umetengenezwa?" Hakuna mkono ulioinuka, hakuna aliyegeuka kutazama nyuma, na hilo la kutogeuka ndilo lililonitoa jasho. Nikahesabu watu, idadi sawa na daftari la mahudhurio. Kesho yake ikauliza tena. Siku ya tatu nikasimama nyuma yao ili nimkamate huyo anayenichezea, sauti ikatoka mbele, nikaenda mbele, ikatoka katikati. Siku ya nne nikaamuru wavue barakoa, wakavua wote, sauti haikutoka, wakanitazama kwa utulivu ambao sijawahi kutazamwa nao, basi nikawaruhusu wazivae, na kabla wa mwisho hajamaliza kufunga yake sauti ikauliza, taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja zamu yake kwa adabu.

Usidhani nimekaa tu. Nimefungua kundi la WhatsApp la zamu yetu, kila nikiandika wanaweka dole gumba basi, nimetundika sanduku la maoni, liko tupu, na kufuli lake ufunguo nimeupoteza, nimebandika hata bango kubwa la "Sauti Yako Ni Muhimu Kwetu". Mdogo wa mke wangu tunaishi naye nyumba moja na kazi hapo nilimtafutia mimi, nikamuuliza tukiwa mezani, "Shemeji, hivi pale asubuhi ni nani anayeongea?" Akasema, "Kwani hukuitambua sauti, shemeji?" Akaendelea kula, na tangu siku hiyo hanisemeshi. Sasa orodha ya zamu imetoka, na kuanzia Jumatatu anayeingia chumba cha baridi ni yeye. Nishauri, Mshauri, nilete mtu wa dini aliombee jengo, au niombe nibadilishiwe wafanyakazi wote, au niache kazi? Usingizi sina na chakula hakipiti.

Msimamizi, zamu ya asubuhi

MSHAURI ANAJIBU

Msimamizi, pole. Hofu yako naiamini wala sikucheki. Lakini barua yako nimeisoma mara nne nikiwa na kalamu mkononi, natafuta mahali ulipoandika kwamba mlango umetengenezwa, na sijapaona. Unamwogopa marehemu, unamwogopa meneja, unaogopa hata shemeji yako akiwa na sahani mbele yake. Mlango peke yake ndio hujauogopa, na ndio ulioua.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Safari hii sikio lilikuwa lako, aliyekufa akawa mwingine.

Unataka kujua ni nani anaongea. Umewahi kufikiri kwamba labda ni wote? Mmoja wao aliuliza wazi, mkono juu, ukambandika jina na watu wakacheka. Wengine walikuwa wanaangalia, wakajifunza. Marehemu hafukuzwi kazi. Wanawake waliosimama naye meza moja miaka yote hiyo wanaijua sauti yake mpaka inavyovuta pumzi, na hawashindwi kupokezana. Au labda siyo wao. Sijui, na leo hilo halinisumbui, maana swali ni la haki na linakudai jibu, awe anauliza aliye hai au aliye kaburini.

Sasa nikwambie jambo ambalo nisingependa kulisema hapa. Baada ya kusoma barua yako nilifungua kabati ninamoweka barua ambazo sikuzijibu. Ipo moja ya mwanamke mfungasha mboga, ina mistari sita. Anasema msimamizi wake ni kijana mzuri, ila kila akimweleza habari ya mlango mbovu anaambiwa imeshapelekwa juu, na anauliza afanyeje ili asikilizwe bila kumwaibisha kijana wa watu mbele ya wenzake. Ametia sahihi kwa lile jina ulilompa wewe. Niliiweka kando kwa sababu wiki hiyo nilikuwa na barua tatu za ndoa, na wasomaji wanapenda za ndoa. Nilikusudia kumjibu. Kwa hiyo usidhani nakukaripia nikiwa nimekaa mahali pasafi. Aliniandikia mimi pia, na mimi pia nilinyamaza, na naumia.

Basi sikiliza. Hakuna mtu wa dini atakayeingia hapo kabla ya fundi. Hakuna mfanyakazi utakayembadilisha. Na kazi huachi, maana ukiondoka leo fomu itabaki kwenye droo na Jumatatu binti wa watu ataingia mle. Ijaze sasa hivi, mpelekee meneja mkononi, usimame mbele yake mpaka atie sahihi. Akikataa, nenda kwa wakaguzi wa usalama kazini, na hata asipokataa nenda ukawaeleze ile ripoti uliyotia sahihi iliacha nini. Kisha nenda kwa watoto wa marehemu, uwaambie uso kwa uso. Utakipoteza hicho cheo. Kipoteze.

Kesho asubuhi karatasi ya ofisi kuu iache mezani. Vua barakoa yako wewe kwanza, uwaambie, "Sikupeleka." Usianze kueleza kwa nini, na usiseme mtalifanyia kazi. Sauti ikiuliza, usiitafute inatoka wapi, ijibu kwa heshima kama unavyomjibu mama yako. Sanduku lako liondoe na bango ulibandue. Weka daftari wazi palipo na kila mtu, kasoro iandikwe, iandikwe na nani anaishughulikia na mwisho wake lini, nawe ulisome kwa sauti kila siku kabla ya tangazo lolote. Kama jambo halijafanyika, sema halijafanyika. Watu hawa walikuwa wanaongea siku zote, ni wewe uliyekuwa unauliza swali huku umeshaanza kuondoka.

Na mpaka fundi amalize, shemeji yako haingii chumba cha baridi, wala mwingine yeyote katika arobaini hao. Kreti utazitoa wewe mwenyewe, asubuhi zote, na mlango watakushikia wao. Ukiwa mle ndani, ongea nao, uone kama wanakusikia.