Flashi Imekula Sura ya Yaya Wangu

Deo, weye mupiga foto, uko na macho ao uko na matundu tu? Leo ni Alhamisi, jua la Uvira ni kali, lakini kichwa changu ndicho kinachemka kupita bati la nyumba.

Nilimuleta yaya wangu, dada yangu mukubwa, kutoka Bwegera. Miguu imemuvimba, amesema wazi hatashuka huku tena. Kesho asubuhi anarudi. Nilitaka foto ya sisi wawili.

Moja tu!

Zamani tulikuwa na ingine. Baba alitupigisha siku ya uhuru, tumevaa nguo mupya. Kisha uasi ukakuja, tukakimbia, nyumba ikaungua nayo ndani. Yaya alinibeba mugongoni kupita mu matete ya muto Ruzizi, akaanguka juu ya jiwe. Kovu iko juu ya jicho lake mpaka leo. Tangu siku zile hatujasimama tena pamoja mbele ya kamera.

Asubuhi Deo alitupiga mu nyumba yangu, sasa analeta foto. Yaya anaishika, anaigeuza.

"Mudogo wangu, huyu muzungu mwenye kuvaa kitenge yangu ni nani?"

Alicheka mpaka akakohoa. Minye sikucheka. Sura mbili nyeupe kama unga wa muhogo, hakuna pua, hakuna kovu.

Deo akasema ataitia weusi mu ordinateri, kompyuta yake. Akajaribu, tukatoka rangi ya majivu. Mahali mwanga umeshakula sura, utarudisha nini?

Nikamwambia alete ile kamera. Nikakuta flashi iko juu yake, ameifungua nguvu yote mpaka mwisho, ameielekeza usoni. Saloni yangu, chumba cha wageni, ni ndogo, alisimama hatua mbili tu. Tena kamera ilikuwa bado imepangwa kwa giza la kanisa, tangu ubatizo wa juzi!

"Koko, bibi yangu," Deo akajitetea, "watu wanapenda kung'aa. Ukiwatoa weusi, wanarudisha foto."

"Na minye nilikuambia niko na haya ya ngozi yangu?"

Lakini hapa lazima niseme ukweli. Mu foto za arusi ya binti yangu, mutoto alitoka mweupe kabisa, na minye nilimusifu Deo mbele ya watu wote. Ujinga huu nilimufundisha na kinywa changu.

Inaniuma.

Basi nikaweka mukono wangu mezani, nikamuamuru apige. Mweupe. Akashusha nguvu ya flashi nusu. Bado mweupe. Akapanga kamera upya, akashusha tena, akarudi nyuma mpaka mulangoni, akageuza kichwa cha flashi kiangalie dari, plafo yangu nyeupe. Mwanga ukashuka pole. Hapo nikaona mishipa, mikunjo, weusi wangu wote uko pale.

Kumbe alijua! Alijua, akafanya vile.

Saa ile yaya alikuwa ameshaenda kuaga wakwe zake.

Kwa hiyo sikia, Deo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe mulangoni kwangu, mbele gari ya Bwegera haijafika. Ile nguvu ya flashi tuliyoishusha leo usiiguse. Ukishapiga, usikimbie: kuza foto mu kamera, utuonyeshe macho yetu wote wawili. Kama hayaonekani, piga tena. Dereva atangoja.