Dada Modesta alivyomsalimia mjukuu wake

Baba Neema mpenzi,

Bwana asifiwe. Nimefika Mwanza salama, na sato nimekula hadi naona aibu, lakini nataka nikusimulie hili moja.

Dada Modesta anasoma Kiingereza kanisani, darasa la watu wazima, apate kuongea na mjukuu wake Brayani, aliyezaliwa Kanada na hajui Kiswahili. Kila wakipigiana simu walikuwa wanatazamana tu. Dada alikuwa anangoja aamkiwe kwanza, maana yeye ndiye mkubwa. Juzi mwalimu kawaambia, "Mama zangu, Kiingereza hakina shikamoo. Yeyote anaweza kuanza."

Basi jana jioni tumekaa kwenye mawe ziwani, simu ikaita. Dada akajikaza: "Hello, Brayani. How are you today?" Mume wangu, mtoto alikodoa macho, kisha akamwaga maneno kama mvua. Hatukuambulia kitu. Dada akatoa sentensi yake ya darasani, ile ya kumwomba mtu arudie polepole. Mtoto akarudia, neno moja moja, na hapo dada akaelewa. Alikuwa anauliza, "Bibi, kwa nini siku zote ulikuwa husemi na mimi?"

Dada alijibu neno moja ambalo hata mimi nalijua, "Sorry," akaugusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu. Mtoto akasogeza shavu lake.

Tangu jana natembea kama niliye kanisani. Mungu akufunike wewe na watoto, nawapenda mno.

Wako,
Mama Neema