Bata wa Mzee Seremala

Wewe, sikiliza haya. Unayakumbuka yale majaribio ya kusoma ambayo mratibu wetu aliyapakua bure mtandaoni? "Ya kimataifa," alisema. Kimataifa!

Leo kampa jaribio moja yule mzee seremala wa darasa langu la watu wazima. Swali la kwanza: paka rangi bata. Mzee wa miaka sitini na tatu, aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa huu, akainama akapaka bata.

Kisha mratibu akasoma matokeo mbele ya darasa zima, kama kasuku: "Mtoto huyu hajawa tayari kuanza shule. Mzazi ajulishwe."

Mzazi ajulishwe!

Mzee akasema polepole, "Mama yangu yuko kaburini, mwanangu. Utamjulishaje?" Akavaa kofia, akatoka. Nilimbembeleza wiki tatu ndipo akajiunga na darasa, na jana tu kaandika jina lake kwa mara ya kwanza.

Namuuliza mratibu kama aliisoma ile karatasi. "Kitu cha bure, unalalamika nini?"

Halafu kwenye daftari la mahudhurio akamwandika: mtoro.

Nimelikata hilo neno mbele ya macho yake. Kesho asubuhi naenda karakanani kwa mzee. Sijui hata nitaanzia wapi.