Mtoto wa Jogoo Niliyemnyima Baba Mkwe

Jumapili, 14 Juni 1992

Bado natabasamu peke yangu.

Mwaka jana baba mkwe alipokuja kutoka Ngana, nilimchinjia jogoo wa kawaida, nikamficha yule mkubwa niliyemkuza kutoka kwenye vifaranga wa kisasa. Alijua. Mke wangu hakunisemesha siku tatu. Lakini kila mgeni tukimchinjia jogoo bora, mbegu tutaipata wapi?

Leo amekuja tena, nami nimemchinjia mtoto wa yule mkubwa. Kifua kinene vilevile, kama kile ninachokipapasa kwa baba yake. Watoto wa jogoo mwingine wamekula pumba zilezile, wamelala banda lilelile, na wamebaki wembamba kama njiti. Ni damu. Ingawa wawili wa huyu mkubwa nao wamedumaa, na hilo linanisumbua.

Mzee alikula. Kisha akauliza, "Ndiye yule uliyeninyima?"

"Hapana, baba. Huyu ni mtoto wake."

Akacheka sana. "Ndaga fijo," akashukuru.

Alipokuwa anaondoka nilimpa jogoo mwingine wa uzao uleule. Akamkumbatia, akamgeukia binti yake.

"Huyu hachinjwi," akasema. "Hata aje askofu."