Namna ya Kutuliza Macho

Mjukuu wangu Koku,

Mimi mzima. Kahawa imeiva, na shangazi yako ameolewa Kagondo, kwa hiyo nyumbani nimebaki peke yangu.

Unauliza utatulizaje macho hospitali wakipima unavyoona pembeni. Enzi za Mwingereza, nikiwa bado bi harusi, daktari wa Bukoba alikaa mbele yangu akaniambia nimtazame machoni, niseme kidole chake kikitokea ubavuni. Kila mara niliinamisha uso, maana kwetu bi harusi hamkazii mwanaume macho. Muuguzi akaninong'oneza kwa Kihaya, "Mtazame kama unavyotazama njia ukingoja mgeni." Nikatulia, nikakiona kidole.

Nawe fanya hivyo. Mimi bado nalitazama lango la kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, vilevile. Pembeni naona watu wakipita barabarani. Langoni haingii mtu.

Bibi yako,
Kijijini Izigo