Kikombe cha Mgeni

Observatory, Johannesburg
Jumapili, 28 Julai 2024

Dada yangu mpenzi Emmy,

Shikamoo. Ipokee kana kwamba nimepiga goti, maana goti lenyewe la kushoto limegoma tangu Juni, na daktari anasema ni uzee tu, kama vile hiyo nayo ni habari. Wewe mguu wako unaendeleaje? Mdogo wetu Onesmo ameniambia umeanza tena kuteremka bondeni kuangalia kabichi zako, na kwamba ukikatazwa unajifanya husikii. Nilicheka, kisha nikakuombea, kwa sababu miteremko ya Mgeta naijua. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Zolile anakusalimu sana. Yuko barazani anaota jua na gazeti usoni, anasema anasoma. Maji yamekatika tangu juzi, tunachota kwa ndoo kwenye lori la manispaa, lakini hayo tumeyazoea.

Utashangaa kuona mwandiko wangu, maana simu zimetuharibu sote. Barua hii anakuletea Ameir, yule Mzanzibari mwenye duka la vyakula hapa Yeoville, anayekwenda nyumbani kwenye harusi. Atamkabidhi Onesmo akipita Morogoro. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize, nami nikisikia sauti yako nitasema ninachojua unataka kusikia. Mwezi Mei nilifanya hivyo. Uliniambia umepaka chokaa kile chumba changu, na kwamba jiwe langu bado liko palepale kushoto kwa kaburi la Mama. Ukaniuliza nitarudi lini moja kwa moja. Nikasema nitakuja Desemba, nikakuacha uelewe utakavyo. Nakuomba basi ukae chini, usome mpaka mwisho, na usinipigie siku hiyohiyo. Lala kwanza.

Nianze na safari. Mwanzoni mwa mwezi huu wifi yangu Nomonde, dada mkubwa wa Zolile, alipiga simu kutoka kijijini kwao Eastern Cape. Ana miaka themanini na mitatu na ni bahili wa maneno. Alisema mambo mawili tu: tuje wote wawili, na tuje kabla baridi haijaisha. Nikamuuliza Zolile kwa nini tusisubiri iishe kama watu wenye akili. Akasema dada yake hajawahi kueleza jambo tangu azaliwe, akaenda kupima upepo wa matairi.

Sisi wastaafu hatuna bosi wa kumwomba ruhusa, lakini tuna watoto. Binti yetu Orpha alikuja mbio kutoka Midrand kutusihi kwa Kiingereza tupande ndege. Nikamjibu kwa Kiswahili, ambacho anakisikia vizuri akitaka, kwamba baba yake alivuka mipaka kwa miguu akiwa kijana na hakuwa hata na soksi za akiba. Akaondoka amenuna, akarudi na blanketi mbili. Jirani yangu Brigitte, yule fundi cherehani Mkongo, alinishonea sketi ndefu ya kufika kwenye vifundo, ndani ameweka kitambaa cha blanketi. Nilimwambia imezidi. Akasema, "Mama, ile baridi ya kule iko mubaya. Utanishukuru." Nami kweli nilikuja kumshukuru, ingawa si kwa baridi peke yake.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Robot ya kwanza, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ilikuwa imezimika, ya pili pia, na Zolile akasema hiyo ni dalili njema kwa kuwa hakuna wa kutusimamisha. Jua lilitukuta nje ya jiji, nyasi zote nyeupe kwa barafu ya usiku, moshi wa majani yaliyochomwa kandokando ya barabara. Mume wangu anaendesha kama anabeba mayai. Malori yalitupigia honi mpaka nikaona haya, yeye akanieleza kwamba madereva wa huku ni watu wa salamu. Tulipopita Bloemfontein nilimwomba usukani, kwa sababu jicho lake moja lina mtoto wa jicho na jua la jioni linamsumbua. Alinipa bila ubishi. Hapo nikajua kuna jambo linamkaa moyoni, kwa kuwa Zolile kunipa usukani bila ubishi, hilo halijatokea tangu tuoane.

Tulilala mji wa Aliwal North, kwenye nyumba ya wageni yenye hita moja ya kugombania. Tulipokuwa tunakula chapati zangu za njiani alianza kuwataja rafiki zake waliozikwa Mazimbu, kule kwenye kambi yao ya wapigania uhuru, mmoja mmoja kwa majina yao ya ukimbizini. Akasema hana ugomvi na udongo wa Morogoro, umewalaza wenzake vizuri. Nilidhani ni kumbukumbu tu za mzee. Asubuhi kioo cha gari kilikuwa kimeganda, akakimwagia chai yetu iliyobaki kwenye chupa, na ugomvi wa chai ile ulitufikisha hadi kwa dada yake.

Sasa dada, unakumbuka vile vikombe? Vyeupe, vyenye ukingo wa dhahabu. Katika barua zangu za zamani nilikuwa nakuringia navyo. Nilikuandikia kwamba kwa wakwe zangu nawekwa kama malkia: nikifika tu nakalishwa kwenye kiti chenye mto, naletewa chai kwenye kikombe ambacho hata Nomonde mwenyewe hanywei, na nikinyanyuka kwenda jikoni nanyang'anywa sufuria. Ulinijibu, "Wengine tumeolewa na punda, wewe umeolewa na mfalme." Miaka thelathini na miwili nimekunywa chai ile nikijiona nimependwa kuliko wake wote wa ukoo. Na safari hii kikombe kililetwa vilevile, nami nikakipokea kwa madaha yangu yaleyale.

Asubuhi ya pili niliingia jikoni kabla hawajaniwahi. Nilimkuta mke wa mjukuu wa Nomonde, msichana aliyeolewa Pasaka tu, anakunywa bakuli la maziwa ya mgando, ambayo wao wanayaita amasi. Wajua mimi na maziwa ya mgando. Nikamwomba na mimi anitilie kidogo. Yule binti akaduwaa na bakuli mkononi, akaangalia mlango, akaniambia kwa adabu zote kwamba atanichemshia chai. Nikasema sitaki chai, nataka maziwa. Akatoka akikimbia, na baada ya kitambo Nomonde akaingia na fimbo yake, akafunga mlango.

Aliniambia bila kuzungusha. Kwao mke hanywi maziwa ya nyumba mpaka achinjiwe mbuzi, alishwe nyama yake na anyweshwe maziwa hayo mbele ya watu. Hapo ndipo anapokuwa wa pale. Kabla ya hapo ni mgeni, na mgeni hupewa chai. Mimi sikuwahi kulishwa. Zolile aliponileta mwaka tisini na mbili mama yao alikuwa ameshakufa, na kaka yao mkubwa, aliyekuwa na neno la mwisho, alisema hachinji mbuzi kwa mwanamke wa kuokotwa ukimbizini. Kaka yao alipokufa, kila mtu aliona aibu kulianza jambo lililochelewa vile. Nomonde akasema wazee wengi wa pale huondoka na mwisho wa baridi, naye hataki kuondoka akiniacha kwenye kikombe. Na akaongeza, kwa sababu si mtu wa kuficha, kwamba nijue ninachokubali: aliyekunywa maziwa ya pale hulazwa pale, ubavuni mwa mume wake, nyuma ya zizi.

Emmy, nilikasirika. Sikulia, nilikasirika. Nilitoka nje na sketi yangu ya Brigitte nikasimama kwenye ukuta wa zizi, upepo unanichapa. Miaka thelathini na miwili! Nimewauguza watu wale, nimevaa nyeusi kwenye misiba yao, kumbe nilikuwa nasubiri pale sebuleni kama mtu aliyekuja kuuza bima. Nikamkumbuka Mama. Unakumbuka Zolile alivyokuja kuposa na wale wakimbizi wenzake wanne, wamejifanya wajomba, na mjomba mkuu ni mdogo kuliko bwana harusi? Baba alitaka kuwafukuza. Mama akacheka mpaka akashika ubavu, akasema kijana asiye na ndugu ni wa kuhurumiwa, si wa kukaguliwa. Na siku ya tatu baada ya harusi akamwita nje alfajiri. Mgeni siku mbili, akamwambia, na akampa jembe. Lile jembe Zolile alilibeba mpaka huku. Hadi leo ndilo analolimia mchicha wangu hapa uani. Kwetu alipewa siku ya tatu. Kwao mimi sikupewa hata ufagio.

Aliponifuata zizini nilimuuliza kama alijua. Alijua. Alisema mwanzoni aliogopa nitaumia, halafu miaka ikawa mingi, akaona afadhali niendelee kufurahia vikombe. Sikusema naye kutwa nzima. Alinipasulia kuni ambazo hazikuhitajika, akanichotea maji ya moto, akakaa mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Jioni akaja akaniambia neno ambalo nadhani alikuwa analibeba tangu Johannesburg. Alisema anajua kuhusu jiwe la kushoto kwa Mama, na hatanitenga nalo. Nikikataa maziwa hatasononeka. Nikitaka kuzikwa Mgeta, naye atazikwa Mgeta, apewe kona yoyote, kwa sababu kule ana jembe. Alishamwambia Nomonde hivyo kabla hatujafika, na Nomonde alilia.

Nililala nikihesabu mabati ya dari. Nilikuona wewe, siku ile ya kuondoka kwangu, tumesimama kaburini kwa Mama, unapanga mawe mawili, la kulia lako na la kushoto langu, unaniapisha. Nilikusikia ukisema kwetu ardhi hupita kwa mama, na kwamba binti wa ukoo akizikwa ugenini ni kama shamba limeachwa bila mpaka. Niliapa kwa kinywa changu, na sikuapa kwa uongo. Lakini nilimtazama pia huyu mzee pembeni yangu anayekoroma. Alikosa kumzika mama yake kwa sababu alikuwa kwetu. Wetu alimzika; mkono wake ulikuwa kwenye jeneza, unakumbuka, bega la mbele. Na sasa yuko tayari kukosa hata kulala kwa baba yake ili mimi nilale kwa mama yangu. Ningekubali vipi?

Nilikunywa, dada yangu. Ndilo jambo nililokuandikia. Jumamosi ya tarehe ishirini walichinja mbuzi. Nilikalishwa kwenye mkeka nyuma ya mlango, bibi wa miaka sitini na saba, kilemba hadi kwenye nyusi, blanketi mabegani, sketi ya Brigitte imefunika miguu kama inavyotakiwa, na yule binti wa Pasaka ameketi kando yangu kama mpambe, anajizuia kucheka. Nikala nyama, nikanywa maziwa. Yalikuwa makali na baridi, mazuri kuliko yote niliyowahi kunywa. Nomonde akanipa jina la nyumba ile, Nokhaya, lenye maana ya nyumbani, na wanawake wakapiga vigelegele. Hapo ndipo nilipolia. Wao walidhani ni furaha, na furaha ilikuwemo, sitakudanganya. Lakini nilikuwa nalia kwa ajili yako.

Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri fimbo ya Nomonde ilinigongea dirishani. "Makoti," akaniita, yaani bibi harusi, "moto haujawashwa." Niliwasha moto, nikafagia ua, nikaosha vyombo vya watu ishirini kwa maji ya barafu, goti linapiga kelele, na nilinung'unika mchana kutwa kwa raha. Vile vikombe vya dhahabu niliviosha mwenyewe nikavifungia kabatini. Tulirudi Johannesburg Jumatano, na njia nzima Zolile alinipa usukani.

Sikuombi unisamehe upesi. Chumba nakuomba usikiache bure: mpe mjukuu wako Shekinah, aache kusomea jikoni. Lile jiwe liondoe au liache, utakavyoona moyo wako. Ila nakuomba jambo moja. Wewe na mimi tumekuwa tukisubiriana kwa ajili ya kufa, kana kwamba hapo katikati hatuna kazi nyingine. Usisubiri maiti yangu, haitakuja. Mimi mwenyewe nitakuja, Desemba kama nilivyosema, na kila Desemba miguu ikiruhusu.

Msalimie Onesmo na mkewe, wabusu wajukuu wote, na mwambie Padre ile ahadi ya kitambaa cha altare sijaisahau. Zolile ameamka, anataka nikuandikie kwamba jicho lake ni zima. Si zima.

Na nikifika, Emmy, nakuomba sana: usinitandikie kiti chenye mto, usinitafutie kikombe kizuri. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko hasira yako. Nipe jembe, na usingoje siku ya tatu.

Mdogo wako, aliye wako bado,
Hedwiga