Ngoma Yako Imo Kabatini

Mjomba,

Shikamoo. Nilizoea kuingoja ile marahaba yako ya kuburuta, "Marahabaa, mama," kwa kuwa nina jina la mama yako. Safari hii naandika tu. Sina uso wa kuja makaburini.

Kituo kimefunguliwa. Kile ulichokisubiri, pale nyuma ya soko lilipokuwa banda lako. Ni kizuri, sitakudanganya. Kina maktaba, kina ukumbi wa maigizo, kina vigae hadi chooni. Binti yangu Zuhura haambiliki, akitoka shule ni huko huko, anasoma mpaka wanafunga. Ulisema watoto wa mjini wapate pa kukaa na kujifunza, wasishinde wakizurura sokoni. Wamepata. Ndiyo maana uliwapisha wenye kituo bila ugomvi, ukaja kuwamba ngoma zako uani kwangu Kihonda, moshi ukaingia hadi kwenye nguo zangu za sikukuu. Nilikununia wiki nzima. Leo moshi ule nautafuta siupati.

Walikuahidi chumba cha mafundi, na ua wenye jiko la kupashia ngozi. Chumba kipo, kimejaa kompyuta. Uani wamepanda bustani, na moto ni marufuku eneo zima.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Ulipofariki, yule dada msimamizi wa kituo alikuja kuhani. Alilia kweli. Akasema wanaiomba ngoma yako kubwa, ile ya gogo la mkongo uliyoachiwa na mjomba wako, ilie siku ya ufunguzi, kisha watoto wajifunzie. Nikasema haya. Akaleta karatasi, nikaitia saini juu ya mfuniko wa ndoo, huku namenya viazi. Sikusoma. Ningesoma nini? Kwetu ngoma ya ukoo haina wa kuitoa, ina wa kuitunza tu, na anayeipokea anajua kwamba siku ikihitajika ataileta. Nilidhani kila mtu anajua. Mjomba, karatasi imeandikwa mchango wa kudumu. Mpumbavu mimi.

Siku ya ufunguzi walifungulia muziki wa spika. Ngoma yako iko ndani ya kabati la kioo, chini ya kiyoyozi, na kibao kinasema usiguse. Jumamosi nilikuta kioo hakijafungwa vizuri. Nikapenyeza mkono, nikaigonga kwa kifundo cha kidole kama ulivyonifundisha, sikio karibu. Ikajibu kama nimegonga godoro. Ngozi imelegea yote.

Nilimwomba yule dada niitoe nje nusu saa tu, niipashe kwa majani makavu ya mgomba, asikie mwenyewe itakavyolia. Alinionea huruma. "Dada yangu, hiyo sasa ni mali ya kituo. Halafu humu watu wanasoma." Na kweli walikuwa wanasoma. Zuhura mwenyewe aliinua kichwa kwenye kitabu chake, akaweka kidole mdomoni, ninyamaze. Nikatoka nje.

Nimeandika barua, nikajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Nikaandika nyingine. Hiyo hata haijajibiwa.

Mwezi ujao ukoo unakutana kule Matombo, kaka yangu Sefu arithi jina lako. Wanapiga simu kila siku, ngoma inakuja na gari gani? Nasema nitawaambia. Hakuna jina lililowahi kurithiwa kwetu bila ile ngoma. Ulipolirithi wewe nilikuwa mgongoni kwa mama, nikalia ilipoanza, na nikalia zaidi iliponyamaza. Ulinitania kwa hilo mbele za watu hata nilipokuwa na watoto wangu. Natamani unitanie tena, wallahi, mbele ya mji mzima.

Kuna mtu ananishauri eti turekodi ngoma nyingine kwenye simu, tuipige siku hiyo. Jamani! Na nikisema niwambe mpya, mikono ninayo, wewe ndiye uliyenipa. Lakini itakuwa ngoma yangu. Yako imekaa mle inazidi kulegea, na sioni itatokaje.

Haya Mjomba, kwaheri. Kukuahidi ngoma siwezi, nisije nikakudanganya na huko uliko. Nakuahidi hili moja: nitapanda Matombo, nitasimama katikati ya ua kabla Sefu hajaitwa, niwaambie wote kwamba mimi ndiye niliyetia saini, namenya viazi, bila kusoma. Sitamsingizia yule dada. Wakinitoa nitatoka. Kisha waendelee, hawana jinsi.

Ukisikia jina lako linaitwa na hakuna kinacholia, ujue ni mimi.

Yule uliyemwita mama